Njia Inayopinda Uwanjani

Jumatatu asubuhi, kwenye duka la fotokopi, huwezi hata kugeuza shingo. Wanafunzi wana fomu, wazee wana vyeti, na mashine inayofanya kazi ni moja tu. Katikati ya msukumano huo alisimama fundi cherehani mmoja, kavaa gauni la bluu alilolikata mwenyewe likamkaa sawasawa, na futi ya kupimia watu ingali shingoni kwa sababu alisahau kuivua.

Mbele yake kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono, alikuwa akikunjua mchoro mkubwa juu ya kaunta. Fundi akachungulia begani kwake. Hakuona haya hata kidogo.

"Kaka, uwanja huo ni wa kwetu. Halafu umeukosea."

"Nimekosea wapi, dada? Nimeupima kwa mikono yangu."

"Njia yako imenyooka. Pale katikati hapapiti mtu. Tunazunguka."

"Mnazunguka nini?"

Fundi akautazama tena mchoro. Tangu ajue kutembea alikuwa akipazunguka pale, na hakuwahi kujiuliza sababu. Palikuwa na nyasi tu, nyasi kama za kwingine.

"Tunazunguka tu," akasema.

Yule kijana alikuwa afisa mipango miji. Alikabidhiwa uwanja ulio kati ya majengo manne ya mtaa ule, autengeneze wakazi wapate mahali pa kukaa na kujiona wako kwao. Aliambiwa awashirikishe. Alikuwa ameitisha mikutano miwili, wakaja watu watatu, na mmoja wao alikuwa anakimbia mvua.

"Niletee majirani, dada yangu."

"Wakija, utayafuata watakayosema?"

"Nitayafuata."

"Apa."

"Haki ya Mungu," akasema, akacheka. Fundi naye akacheka, na meno yake yakamchanganya kijana wa watu akasahau mchoro kaunta. Ilibidi arudi kuufuata.

Fundi akagonga milango yote ya majengo manne. Watu walimjua, nguo zao zilipita mikononi mwake. Wakaja arobaini kwenye ukumbi wa mtaa. Kila mmoja akapewa karatasi yenye majengo manne tu, akaambiwa achore njia anayopita kutoka geti hadi mlangoni kwake, bila kumwangalia jirani. Walipomaliza, yule kijana, Bwana Rula kama fundi alivyokwisha kumbatiza, akazikusanya karatasi zote akaziegemeza pamoja kwenye kioo cha dirisha, mwanga upite.

Mistari arobaini. Yote ilipinda mahali pamoja, kwa upana uleule.

"Pale pana nini, shangazi?" kijana akamuuliza mama mtu mzima aliyekaa mbele, shangazi yake fundi, ndiye aliyemlea.

"Sijui, baba," shangazi akajibu. "Sijawahi kupita."

Baada ya hapo simu hazikukatika. Kijana alimpigia fundi asubuhi, akampigia mchana kuuliza kama amekula.

"Bwana Rula, huna kazi huko ofisini?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

"Hebu nitolee uongo wako. Na nyumbani kwenu ni wapi, hata siku moja hujanitajia?"

"Sina kwetu, mpenzi. Nimelelewa nyumba hii na ile. Na kazi yenyewe hii, kila ukizoea mahali unahamishwa."

Fundi hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alishona mfuko wa suruali ya mteja upande usio wake. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshapenda, kapenda hasa.

Akaitwa mji mwingine kushona nguo za harusi, akakaa huko wiki tatu. Aliporudi, uwanja ulikuwa umekwisha kutengenezwa. Maua yalipandwa pembeni yakazungushiwa waya, mabenchi yalipakwa rangi, na katikati, pale pasipopitwa, njia ya vitofali ilipita imenyooka moja kwa moja. Mahali pengine pa kupita hapakuachwa. Akapiga simu hapohapo, mabegi yangali miguuni.

"Umefanya nini?"

"Nisikilize, roho yangu. Wakubwa waliniuliza kwa nini njia ipinde pasipo na kitu. Sikuwa na jibu la kuandika kwenye ripoti. Nikasema labda watu hawajui kuchora, nikainyoosha."

"Ulikuwa na majibu arobaini!"

"Fundi..."

"Mimi ndiye niliyewagongea milango. Mimi! Leo wananitazama kana kwamba nimewauza. Usinipigie tena."

Akakata, na namba akaifunga. Wiki nzima hakuna mteja aliyekuja. Walipita mbele ya cherehani yake wakaamkia ukuta.

Kisha mambo yakaanza. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Saa nne asubuhi, jua limewaka, alitoka kwenye ile njia midomo imemkauka. Alisema alipofika katikati, mama yake, ambaye alimzika mwenyewe, alimuuliza nyuma ya sikio, taratibu kabisa: *Wewe ni wa wapi?* Akajibu, "Wa hapa, mama, jengo la pili." Miguu ikamruhusu kupita.

Baada yake wakasikia wote. Kila mtu aliulizwa na sauti ya mtu wake, na aliyejibu alipita. Siku moja akaja msoma mita za umeme. Watu madirishani walimwona anatembea, anatembea, mikono inakwenda, na hasogei hata hatua. Alikwenda hivyo kitambo kirefu, mpaka shangazi alipomwita kwa sauti, "Huyo ni mgeni wetu, mpisheni!" Akatoka, hakusoma mita hata moja, na mkoba wake akauacha.

Habari zikafika ofisini. Alhamisi, saa nane mchana, Bwana Rula akaja mwenyewe na mkanda wa kupimia, shati jeupe lilelile. Fundi alikuwa dirishani. Alimwona akiingia kwenye vitofali, akifika katikati, akiinua kichwa ghafla kama mtu aliyeitwa. Halafu akaanza kutembea bila kufika popote.

Majirani wakatoka mmoja mmoja wakasimama pembeni. Hakuna aliyemzomea. Hata kunguru walinyamaza.

"Ni mgeni wetu!" shangazi akaita.

Hakusogea.

"Mgeni wetu huyo, mwacheni!"

Bado. Jasho lilimlowesha mgongo, na kivuli chake, wote walikiona, kilikuwa kimesimama tuli huku yeye akitembea.

Shangazi akageuka, akamtafuta fundi madirishani. "Huyu si mgeni, mwanangu. Mgeni haapi kiapo na wenye nyumba kisha akakivunja. Shuka. Na kama utasema usilo nalo moyoni, usishuke."

Fundi akashuka ngazi. Hasira ilikuwa bado imemkaba, na mtu mwenyewe alikuwa bado anampenda, na vyote viwili vilimuuma. Akaingia kwenye njia. Sauti ya marehemu mama yake ikamuuliza, akaijibu bila kusimama. Akamfikia yule kijana, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, jua lote lile.

"Huyu ni wangu," akasema, akiiambia ile hewa tupu. "Kakosa, na ni wangu."

Kikapita kitu kama pumzi, kikalaza nyasi, kikaisha. Wakatoka pamoja wakaanguka kwenye majani.

"Nani alikuuliza?" fundi akanong'ona.

"Wewe."

Nywele zikamsimama. Muda wote ule alikuwa dirishani na mdomo wake umefungwa. "Ilikuwa sauti yangu?"

"Yako kabisa. Nani mwingine angeniuliza? Sina mwingine."

"Na mbona hukujibu?"

"Jibu nilikuwa nalo. Kwa nilivyowafanyia, niliona sina haki ya kulitamka."

"Litamke sasa."

"Mimi ni wako. Nioe nikae, fundi. Nimechoka kuhamishwa."

"Mwanamume ndiye anayeoa, wewe!"

"Basi nikuoe. Ukinikubali."

"Nimekwisha kukujibia mbele ya mtaa mzima," akasema, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Unataka na muhuri?"

Mwalimu mstaafu alikuwa ameshapiga magoti kwenye njia, anang'oa tofali kwa bisibisi. Wengine wakamfuata na majembe. Bwana Rula akakunja mikono ya shati, akainuka, akasimama mbele yao bila mchoro wala karatasi.

"Jamani, nisameheni," akasema. "Niambieni. Njia yenu ipite wapi?"

Shangazi akampa jembe.

"Yetu," akasema. "Sema njia yetu, mwanangu."