Ufa Juu ya Kitanda cha Mtoto

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi, Thea Lindqvist alifunga buti zake za theluji, kisha akapanda ghorofani kutazama chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Wiki hii alikichungulia kama mtu anayemchungulia mbwa mkali.

Jumamosi iliyopita, yeye na baba yake walipigilia mkanda mzito wa mbao wa urembo pale ukuta unapokutana na dari. Baba aliulaza mkanda kichwa chini kwenye msumeno wa umeme, akakata pembe zilizoumana kama vidole vya mikono miwili. Thea alipewa kazi moja tu: kupitisha sumaku ukutani hadi inase, maana hunasa kwenye misumari inayoshikiza ubao wa jipsamu kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma yake, kisha aweke alama ya penseli. Pasipo na nguzo, msumari hauna pa kushika.

Ukuta wa mlangoni aliupima vizuri. Kufika ukuta wa dirishani, mkono ulimchoka, na nje wenzake walikuwa wakiteleza kwenye barafu. Akakisia.

"Una hakika na alama hizi?" baba aliuliza, bunduki ya misumari mkononi.

"Nina hakika, Baba."

Jumatatu, upande wa dirishani, ukatokea ufa mwembamba kama unywele kati ya mkanda na dari. Jumanne ulipitisha kucha. Tanuri la kupashia nyumba joto lilivuma kutwa kucha, na kadiri mbao zilivyokauka ndivyo zilivyolia: ki, ki, ki. Jumatano Thea alichukua dawa ya kuziba nyufa, akaupaka ule ufa kwa siri.

"Haya, fundi!" Emmett, kaka yake, alimcheka kutoka mlangoni. "Unapaka ukuta siagi?"

"Hebu niondokee!"

Alhamisi ufa ulikuwa wazi tena, dawa ikining'inia kama ulimi.

Ijumaa aliporudi kutoka shuleni, alimkuta baba akitandika kitanda cha mtoto chini ya dirisha.

"Mama anarudi kesho kutoka hospitali na mdogo wenu," baba alisema kwa furaha. "Atalala hapa, apate mwanga."

Juu yao, ki. Chembe ya jipsamu ikadondoka juu ya shuka jeupe.

"Baba, kisogeze kitanda."

"Kwa nini tena?"

Thea aliunyooshea mkanda kidole. "Alama za upande huu nilikisia. Ufa ulipotokea, nikauziba mimi."

Baba alikisukuma kitanda hadi mlangoni, akapanda ngazi, akaugusa mkanda kwa vidole viwili. Ukachomoka wote, urefu wa mita nne, ukaanguka kwa kishindo pale pale kitanda kilipokuwa, misumari imetokeza kama meno. Emmett alikuja mbio, akaangalia sakafu, akainama kuuinua mkanda.

Baba alishuka, akampa Thea sumaku. Safari hii aliupapasa ukuta shubiri kwa shubiri. Kila sumaku iliponasa, aliweka alama. Na kila msumari uliopigwa ulishika mti.

Walipomaliza, baba aliketi naye sakafuni.

"Kukisia lilikuwa kosa dogo, mwanangu, hata mimi hukosea. Lakini uliponiambia una hakika, ulinifanya nipigilie uongo juu ya kichwa cha mdogo wako. Ufa haufichwi, Thea. Huulizwa kwanza umetoka wapi, ndipo huzibwa. Leo umesema kweli kabla hatujachelewa, na ndiyo maana kesho tutakuwa na mtoto wa kumlaza hapa."