Namba Aliyojigawia Shufaa

Kila siku baada ya vipindi, Shufaa alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Zinga, kisha akaketi kwenye kompyuta ya dirishani. Tangu baba yake azikwe alifanya kila jambo hivyo hivyo, bila furaha wala uchungu. Mama alikuwa amekaa eda, nyumba ilijaa ndugu, na moyo wa Shufaa ulikufa ganzi.

Mwalimu Msabaha alikuwa amewafundisha kwamba kila kompyuta huhitaji anwani, yaani namba yake kwenye mtandao. Ruta, kile kisanduku cha intaneti ukutani, huzigawa namba hizo yenyewe: leo utapewa hii, kesho nyingine. Shufaa hakulipenda hilo. Nyumbani hata kitanda chake alikuwa amepewa shangazi. Basi akafungua mipangilio, akazima ugawaji wa ruta, na namba aliyoikuta akaiandika iwe yake daima.

Haukupita muda, kompyuta ya rafiki yake Tabia ikaanza kusumbua. Mtandao ukishika, unaachia. Mwalimu akabadilisha waya, wapi! Na Tabia, maskini, alijulikana kwa kuchokonoa vitu.

"Tabia, umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, mwalimu. Wallahi!"

"Kiapo hakitengenezi kompyuta. Kesho tunashindana na wenzetu wa Ubena kupitia mtandao. Mharibifu simwingizi kwenye timu. Nafasi yako ataichukua Mikdad."

Tabia alilia kwa kwikwi. Shufaa alimtazama tu. Kwenye kioo cha kompyuta yake mwenyewe lilikuwa limetokea tangazo kwamba namba yake inatumiwa na kompyuta nyingine, naye akalifunga kimya. Hata sasa hakuona huruma. Lakini alikumbuka kwamba siku za matanga Tabia aliosha masufuria kwao bila kuitwa, na haki aliijua.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Kompyuta yangu niliipa namba ya kudumu. Nilitaka kitu kimoja kisibadilike."

Mwalimu akachungulia, akashusha pumzi. Ruta haikuwa na habari, ikaipa kompyuta ya Tabia namba ile ile, na mbili hizo zikawa zinanyang'anyana mtandao.

"Rudisha mwenyewe."

Shufaa akairudisha kompyuta kwenye ugawaji wa ruta. Ikapewa namba mpya, na mtandao wa Tabia ukashika, haukuachia tena.

"Kwenye shughuli kuna mpakuaji," mwalimu alisema. "Ndiye anayejua masinia na wageni. Ukijipakulia kichinichini, mwenzio atakosa, na lawama atabeba asiyehusika. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka, Shufaa. Nami nimehukumu kabla ya kuchunguza. Tabia, niwie radhi mwanangu. Nafasi yako ni yako."

Njiani Shufaa alimkimbilia rafiki yake. "Nisamehe, shoga."

"Usinisemeshe leo. Umeniacha nilie huku unajua."

Maneno yale yalimchoma. Tangu msiba hakuna kilichowahi kumuuma, na sasa kiliuma kwelikweli. Akasimama kando ya barabara akalia, kwa ajili ya Tabia, kwa ajili ya baba, kwa ajili ya yote.

Tabia hakugeuka. Ila alipunguza mwendo, mpaka Shufaa akamfikia.