Jumamosi Usinisahau

"Nisomee hii," Msusi alisema, akimsogezea mumewe simu yake mwenyewe hadi puani.

Mume, fundi wa friji, ndiyo kwanza alikuwa anatoka bafuni, povu la sabuni bado liko sikioni. Akasoma: "Asante mpenzi, nimekupata. Bila wewe sina changu. Jumamosi ijayo usinisahau."

"Mke wangu, simjui huyu."

"Humjui, lakini Jumamosi mna miadi."

Fundi aliapa viapo vyote anavyovijua, wapi. Namba yenyewe ilikuwa fupi ajabu, ila Msusi na wivu wake hakuwa na muda wa kuhesabu tarakimu. Msusi alimwamini mwanamume huyu kiasi cha kuchekwa na wateja saluni, ndiyo maana ilimuuma hivyo. Akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaanza kutupia nguo.

"Ukiondoka nabaki na nani?" Fundi akauliza.

"Na wa Jumamosi."

Akatoka na begi lake mpaka sebuleni, kuchukua simu yake iliyokuwa kwenye chaji. Mama mkwe alikuwa amekodolea macho shindano la waimbaji kwenye televisheni. Mtangazaji alikuwa akirudia utaratibu: tuma namba ya mshiriki, simu moja kura moja, na kila kura itajibiwa kwa shukrani za mshiriki.

Simu ya Msusi ikalia mkononi. "Asante mpenzi, nimekupata. Bila wewe sina changu..."

Akasoma mara mbili, kisha akageuka.

"Mama, umeshika simu yangu?"

"Yangu ilishapiga kura, inakataa mara ya pili," mama mkwe akajibu taratibu. "Nikaazima ya mwanangu alipokuwa anaoga. Halafu nikaona na yako iko bure."

"Umempigia nani?"

"Namba tisa. Yule pale."

Kwenye skrini alikuwa amesimama mzee mwenye upara, suti imemzidi mabega. Msusi akakalia begi lake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi, aliyekuwa amemfuata, akaegemea mlango, akashusha pumzi ndefu.

"Nisamehe, mume wangu."

"Rudisha kwanza hizo nguo kabatini."

"Kwani mzee huyu ana nini, Mama?"

"Fumba macho umsikilize." Wakafumba. "Marehemu baba yenu aliniimbia hivyo hivyo nikiwa jikoni. Akitolewa leo, ile sauti sitaisikia tena."

Kicheko kikakatika. Fundi akaushika mkono wa mkewe, naye akamwachia aushike. Halafu Msusi akachomoka nje mbio kutafuta simu nyingine kabla kura hazijafungwa. Mume wa jirani alikuwa kibarazani. Akampa simu yake apigie kura, bila kuuliza mengi.

Namba tisa alibaki. Mama mkwe alikuwa bado anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge pale sauti ya jirani wa kike ilipopenya ukutani, ikimtaka mumewe aeleze huyo mpenzi wa Jumamosi ni nani.

"Wahi," Fundi akasema, "kabla begi halijashushwa."

Msusi alishavaa ndala.