Mche Usiolalamika

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Chiriku alipitia zahanati kumwagilia bustani. Jina lake la darasani lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akipiga mswaki, aliongea akifunga kamba za viatu, na mama yake alidai kwamba hata usingizini hakukosa la kuongeza. Kazi yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mama, mtunza bustani wa zahanati, ambaye alikuwa ameteguka mguu na sasa alishinda nyumbani, mguu wenye bendeji ukiwa juu ya kiti.

"Sikiliza," mama alimwelekeza siku ya kwanza. "Pale mlangoni kuna yale maua ya majani, mekundu na zambarau. Kule uani, karibu na mabenchi ya wagonjwa, kuna mche wa mti wa kivuli. Vyote vinywe maji. Lakini ule mche ndio roho yangu, umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Maua, mche, mche, maua. Kazi ndogo tu hiyo."

Chiriku alijua kwa nini mche ulikuwa roho ya mama. Mti mkubwa wa uani uliangushwa na upepo, na tangu hapo wagonjwa walikaa juani wakisogeza mabenchi kukifuata kivuli chembamba cha ukuta. Mama alichimbua mche mpya chini ya mti wa fundi baiskeli wa jirani, akaupanda kwa mikono yake. Siku hiyo hiyo muuguzi mkuu alimwambia, "Mche huu ukifa, nitatafuta mtunza bustani mwingine." Muuguzi mkuu huyo watu walimwita Bi Saa akigeuka mgongo, maana hakuna mzima wala mgonjwa aliyethubutu kumchelewesha. Hakuwa na mazoea ya kusema jambo mara mbili.

Shida ilianzia kwenye bomba. Lilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na ndoo ikijaa ilimvuta Chiriku bega mpaka akatembea upande upande. Akimaliza kumwagilia maua, muda wa shule ulikuwa umeshafika. Halafu maua yale yalijua kudeka! Yakipata kiu kidogo tu yalilegea yote kama soksi kwenye kamba, na kila aliyepita alisema, "Maskini, maua yanakufa." Chiriku akiyamwagia maji, hata hajarudisha ndoo, tayari yalianza kuinuka na kung'aa. Nani asingeipenda kazi inayojibu haraka hivyo?

Mche haukusema kitu. Ulisimama wima na majani yake magumu, leo kama jana. Chiriku aliutazama kwa mbali, akajiambia, "Wewe mzima," akakimbilia shule. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo.

Jumanne alipita karibu nao akiwa amebeba ndoo, sketi yake ikaugusa. Majani yakapukutika yote chini. Yalikuwa makavu, yakivunjika vidoleni kama maganda ya kitunguu.

Chiriku aliweka ndoo chini. Aliutikisa mche, ukatoa sauti ya kijiti. Akatazama dirisha la ofisi ya Bi Saa. Pazia lilikuwa bado limefungwa, lakini lingefunguliwa muda si mrefu. Aliona mbele yake mama akipewa barua ya kuachishwa kazi, mama akitembea na mguu wake mbovu kuomba kibarua nyumba kwa nyumba. Hakufikiri tena. Aling'oa mche pamoja na udongo uliong'ang'ania mizizi, akakimbia nao nyuma ya chumba cha kufulia, akaufukia ndani ya lundo la takataka, chini ya nyasi mbichi zilizofyekwa. Kisha akakimbilia kwa fundi baiskeli, akavunja tawi la mti ule ule, akarudi kulichomeka shimoni na kushindilia udongo kwa kisigino.

Pazia lilipofunguliwa, mche wa kijani ulikuwa umesimama mahali pake.

Kuanzia hapo hofu ikawa ndiyo rafiki yake wa kutembea naye. Tawi lililokatwa halikai. Jioni lilikuwa limeshanyauka, na asubuhi ilimbidi avunje jingine kabla fundi hajafungua karakana. Darasani alisikia kila kiatu kilichopita nje ya mlango, akidhani ni Bi Saa amekuja kumchukua. Mwalimu alimuuliza swali rahisi la hesabu, akabaki anatazama ubao. Rafiki zake waliacha kumngoja aanze hadithi.

Alhamisi, mtoto mmoja mdogo aliyeletwa na kikohozi kwa siku ya pili alisimama mbele ya mche akiwa ameshika kidole cha bibi yake. "Bibi," akasema kwa sauti kubwa, "mti huu umebadilisha nguo. Jana haukuwa hivi."

"Miti haivai nguo, mjukuu wangu," bibi alicheka. Chiriku hakucheka. Ndoo ilimponyoka, maji yakamlowesha viatu.

Jioni ile mama alisukuma sahani karibu naye. "Mbona huli? Chiriku wangu ananyamaza, hata nyumba siitambui. Unaumwa?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Na mche wangu, haujambo?"

"Haujambo."

"Basi kesho nitajikongoja nikauone. Nimeuota mpaka basi."

Ijumaa alfajiri Chiriku alikuwa tayari chini ya mti wa fundi, mkono juu ya tawi, aliposikia kikohozi nyuma yake. Fundi baiskeli alikuwa amesimama na pampu mkononi.

"Kumbe kinyozi wa mti wangu ni wewe!" alisema. "Nashangaa kila siku unazidi kuwa na kipara. Mama yako anajua?"

Chiriku aliachia tawi, akakimbia mikono mitupu. Alipofika zahanati, lile tawi la jana lilikuwa limeinamisha majani yote. Mama alikuwa anaingia getini, akiegemea fimbo. Na Bi Saa alikuwa ameshasimama uani, mikono nyuma.

"Mtunza bustani," Bi Saa alisema, "hebu tazama mwenyewe. Nilikuambia nini kuhusu huu mche?"

Mama alitazama majani yaliyolegea. Uso wake ulishuka. "Sista, niliupanda vizuri, kadiri nijuavyo," alisema polepole. "Binti yangu amekuwa akiumwagilia kila siku, hilo sina wasiwasi nalo. Labda shimo sikulichimba la kutosha. Basi kosa ni langu."

Hakuna aliyemwuliza Chiriku kitu. Angeweza kunyamaza tu, na mambo yakaisha hivyo, mama akabeba lawama. Aliona mkono wa mama ukiikaza ile fimbo.

"Mama hakukosea!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, hata wagonjwa kwenye mabenchi wakageuka. "Ni mimi. Sikuumwagilia. Niliona maua ndiyo yana kiu, mche nikadhani mzima. Ukakauka. Huo siyo mche, ni tawi nimechomeka. Nimekuwa nikibadilisha kila siku. Nilikudanganya, Mama."

Mama aliinama, akalivuta tawi. Lilitoka bila mzizi hata mmoja. Chiriku alifumba macho akingoja kofi.

"Mche wenyewe uko wapi?" mama aliuliza haraka.

"Kwenye takataka. Nyuma ya chumba cha kufulia."

"Leo si Ijumaa?" mama alisema, na rangi ikambadilika. "Mlinzi anachoma leo. Kimbia!"

Chiriku alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia. Moshi ulikuwa umeshaanza kupanda upande mmoja wa lundo, na mlinzi alikuwa anachochea karatasi kwa kijiti.

"Mjomba, zima! Tafadhali, zima!" Hakungoja jibu. Alipiga magoti, akaanza kufukua nyasi kwa mikono, moshi ukimchoma macho. Mlinzi, bila kuelewa lolote, alikanyaga moto kwa buti zake. Nyasi za chini zilikuwa bado na unyevu. Vidole vya Chiriku viligusa kitu kigumu, akauvuta mche nje.

Mama alifika akichechemea, Bi Saa nyuma yake. Alikaa chini palepale, mguu mbovu ameunyoosha, akaweka mche mapajani. Alikwaruza gome kwa ukucha karibu na kilele. Ndani kulikuwa kukavu, rangi ya kahawia. Akashuka katikati, akakwaruza. Kahawia. Mama akashuka hadi karibu na mizizi, akakwaruza taratibu, na chini ya ukucha wake ukatokea mstari mwembamba wa kijani.

"Upo hai," mama alisema.

Chiriku aliangua kilio, kile cha mtoto mdogo, bila kujali nani anatazama.

Waliukata mche sehemu yote iliyokauka, wakaurudisha shimoni, na safari hii Chiriku alibeba maji ya mche kwanza. Bi Saa alisubiri mpaka ndoo ikaisha. "Nilisema mche ukifa," alisema. "Haujafa. Mtunza bustani, utaendelea na kazi yako. Na wewe binti, kila asubuhi utapita ofisini kwangu kuniambia hali yake. Ikiwa mbaya, ndiyo hasa nataka kuisikia." Jioni hiyo Chiriku alikwenda pia kumwomba radhi fundi baiskeli, naye akampa fagio afagie karakana.

Kwa siku nyingi habari ya asubuhi ilikuwa neno moja tu, "Bado." Kisha asubuhi moja Chiriku aliingia ofisini bila hata kubisha hodi. Chini kabisa ya kile kijiti palikuwa na chipukizi, dogo kama punje ya mchele.

Siku hiyo mama, aliyekwishapona mguu, alimketisha kwenye benchi la uani.

"Yale maua yakipata kiu yanalegea mbele ya watu wote, hayaoni haya," alisema. "Ndiyo maana yanapata maji, yanapona. Mche ulikaa na kiu yake kimya kimya, tukadhani mzima. Na wewe wiki ile ulifanya vilevile. Mguu wangu ulikuwa mbovu, mwanangu, masikio yalikuwa mazima. Siku nyingine ukikosea, njoo ulegee mbele yangu siku hiyo hiyo. Nitakukaripia, tena sana. Lakini maji nitakuwa nayo."

Chiriku aliangalia viatu vyake.

"Mama," alisema, "basi kuna na kile kikombe chako cha bluu."

"Kikombe gani? Kimefanya nini?"

Chiriku akaanza kueleza, na hakunyamaza mpaka walipofika nyumbani.