Damu ya Fundi Meng

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Boti la kujiokolea, lililofunikwa juu kama kobe, liligeuka ubavu, na watu kumi na wawili waliojifunga mikanda wakagongana vichwa. Tufani ilikuwa imewahi kuliko helikopta. Nyuma yao mtambo wa kuchimba mafuta baharini ulikuwa umekwisha kumezwa na mvua.

Daktari wa mtambo, Shen Yulian, alipapasa chini ya viti. Mkoba wake wa vipimo ulichukuliwa na wimbi wakati wa kushuka. Kilichobaki ni daftari la afya za wafanyakazi, alilolifunga kifuani ndani ya nailoni, na sanduku la akiba: maji, biskuti, glukosi.

Asubuhi ya pili Meng Zhaoqing, mwendesha winchi wa miaka hamsini na sita, alikuwa ametapika mara sita. Midomo ilimpasuka. Alihema kama mtu aliyepanda ngazi zote za mtambo kwa mbio.

"Maji," alisema.

"Fundi Meng, umeshakunywa fungu lako na la Pang," mtu alitania kutoka nyuma. "Unakunywa kama ng'ombe, unakojoa kama farasi!"

Wawili watatu walicheka. Pang Dehai, aliyekaa na Meng chumba kimoja miaka tisa, hakucheka.

Shen alifungua daftari. Sukari ya Meng: sawa, miaka mitatu mfululizo, kwa vipimo vya zahanati ya kampuni huko Zhanjiang, nchi kavu. Basi ni bahari na njaa tu, alijiambia. Akakoroga glukosi, akamnywesha kikombe, kisha cha pili.

Adhuhuri Meng aliacha kuitikia jina lake. Shen akakoroga cha tatu.

"Usimpe!" Pang alimshika mkono. Kikombe kikamwagika.

"Una wazimu? Maji hayo!" alifoka yule wa nyuma.

"Ana kisukari, Daktari. Damu iliyoandikwa humo si yake. Ni yangu."

Boti lilipanda wimbi, likaanguka.

"Kila mwaka niliingia zahanati mara mbili, ya pili kwa kadi yake. Foleni ndefu, hawatazami nyuso. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Akiniomba, nitakataaje? Wangempeleka nchi kavu kulinda geti."

"Na dawa zake?"

"Kwenye soksi, chini ya godoro. Kule kule."

Shen aliinamia mdomo wa Meng. Chini ya harufu ya dizeli na matapishi aliinusa dalili ya sukari iliyopanda mno: harufu tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kila mwezi alimpima presha na kutaniana naye, lakini safu ya sukari aliinakili tu kutoka zahanati.

"Maji matupu," alisema. "Kidogo kidogo, bila kukoma. Atakunywa ya nani?"

Pang alitoa kopo lake. Baadaye yule aliyefoka akapitisha lake mbele, bila kumtazama mtu.

Meli ya doria iliwaona jioni. Meng alipandishwa kwa machela. Akafumbua jicho moja.

"Umeniulia kazi, Pang," alinong'ona.

Tabibu wa meli aliuliza habari za mgonjwa. Shen alitoa daftari, akapiga mstari juu ya tarakimu za miaka mitatu, pembeni akaandika: *Sikupima*. Akatia sahihi, akampa Pang kalamu.

"Andika damu hii ni ya nani."

Pang aliandika jina lake lote, taratibu, kama anayesaini barua ya kuacha kazi. Nyuma ya mlango wa chumba cha wagonjwa melini, Meng alikuwa bado anahema.