Kipimajoto cha Daisy

Eti babake Daisy alikuwa wapi? Alikuwa mbali, wajukuu, kusini kabisa mwa dunia. Joram alikuwa mpishi katika meli ya watafiti wanaopima jinsi barafu inavyoyeyuka. Wao walipima, yeye akawapikia maharagwe. Mkewe Edith, nesi, alibaki Doha, jiji la joto kali, mtaa wa Al Mansoura, na watoto wao Marvin na Daisy. Miezi saba hawakumwona. Simu ya meli ilimpa dakika kumi tu, kila Ijumaa.

Daisy, wa miaka kumi na miwili, aliachiwa kipimajoto. "Wewe pima huko, sisi tunapima huku," baba alimwambia. Basi kila akitoka shule alisoma, akaandika, na Ijumaa akamsomea baba namba zake.

Sasa alikitundika wapi? Kwenye roshani, kando ya lile sanduku la kiyoyozi linalotema joto nje. Kipimajoto kikapanda hadi nyuzi hamsini na tano.

Marvin akamcheka. "We fundi, unapima Doha ama unapima sanduku?"

Daisy akaelewa, lakini akaendelea kupima palepale. Baba alikuwa ameshamsifu: "Karatasi ya namba zako nimeibandika jikoni. Watafiti wanaisoma wakinywa chai." Mtoto amemkosa babake, amepata sifa yake. Angeiachaje?

Ijumaa moja, Edith akipakua ugali, baba akapiga. "Daisy mama, mkubwa wa watafiti anataka kuwatumia wenzake namba zako."

Daisy akasema, "Baba, si za kweli." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

Dakika za baba zilikuwa zinakwisha. "Nimejigamba meli nzima, Daisy." Sauti ilikuwa imemlegea. "Jana ukuta wa barafu ulianguka baharini mbele yetu, watu wazima wakalia. Tukirudi, kuna watakaosema tunadanganya. Tutawajibu na nini, kama si namba za kweli? Hiyo karatasi nitaibandua mwenyewe, niwaambie kwa nini. Wewe anza…"

Simu ikakatika.

Marvin, bila mzaha tena, akamsaidia kukihamishia kipimajoto kivulini, upande wa pili, mbali na sanduku. Kikasoma arobaini na moja. Daisy akaandika.

"Mama, amenikasirikia?"

"Ameumia," Edith akasema. "Na wewe umeumia. Kwa kosa la kutojua mtu halaumiwi, mwanangu. Ukishajua ukanyamaza, hapo ndipo linapokuwa uongo, na uongo unamuumiza anayekuamini zaidi. Lakini umesema mwenyewe, na Ijumaa atapiga tena. Nawa mikono."

Marvin akavuta viti. Edith akakaa, Marvin akakaa, na Daisy, macho mekundu, akakaa katikati yao, akamega tonge.