Tulia, Mama Yupo

Simu ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi, lakini ilisema, "Tulia, mwanangu, mama yupo."

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe. Aliirekodi siku kazi ya sare za shule ilipomzidi, ili Kipusa, bintiye wa miaka minne, asimsumbue. Mshika mawili moja humponyoka, na baba wa mtoto alikuwa ameingia mitini zamani. Basi simu ikawa yaya asiyedai mshahara, na Kipusa akatulia. Akatulia mno. Hakucheza tena, wala hakuweka tonge mdomoni mpaka simu imwambie, "Kula."

"Nipe hiyo simu, mwanangu."

Kipusa hakugeuka. "Shh! Naongea na mama."

Chumba kilinuka uzi ulioungua. Fundi aliinyakua simu, akaifungia kwenye droo ya cherehani, na mtoto akalia kilio kikavu kisicho na machozi hadi sauti ikamkauka. Hapo ndipo jirani alipokimbia kumwita mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye utani mwingi, lakini alipokanyaga kizingiti utani ulimkatika.

"Jini hili halikuvunja mlango," alinong'ona. "Limekaribishwa. Limepewa sauti, kisha likakabidhiwa mtoto. Mwite mwanao. Akikuitikia wewe, litatoka. Akiliitikia lenyewe..."

Fundi alipiga magoti, akamshika binti yake mashavu, na kwa hofu yote iliyomjaa kifuani, na kwa mapenzi aliyokuwa akiyaahirisha kila siku mpaka amalize pindo hili, na kifungo hiki, na sare hii moja tu ya mwisho, akafumbua mdomo kumwita, na sauti yake ikatokea kwenye droo.

"Kipusa!"

"Abee, mama!" Mtoto alijinasua mikononi mwake, akaikimbilia droo.

Fundi akajaribu kupiga ukelele. Hakikutoka kitu. Alijishika koo, akamtazama mwanawe akilaza shavu kwenye mbao na kutabasamu, tabasamu ambalo yeye hakuwa ameliona kwa muda mrefu. Mganga alikuwa ameshatoka nje.

"Mama," Kipusa aliiuliza droo, "huyu mwanamke analia nini?"

"Tulia, mwanangu," sauti ikajibu kwa upole. "Ni fundi tu huyo. Ana kazi nyingi."